Goti Jipya, Nyonga Mpya: Jinsi ya Kumuuguza Mzee Nyumbani Baada ya Upasuaji

Mama yangu alibadilishwa goti la kulia akiwa na miaka 71, katika hospitali moja mjini Kisumu. Alipasuliwa Jumatatu. Jumanne asubuhi muuguzi alifika na fremu ya kutembelea, ile wengi wetu huiita woka, akamwambia ainuke. Shangazi, aliyekuwa ametoka Vihiga alfajiri na kikapu cha ndizi mbivu, alifoka: "Mtu amekatwa mfupa jana, leo mnamtembeza?" Mama aliinuka. Alipiga hatua sita hadi kwenye kiti, jasho likimtiririka, akaketi.

Siku hiyo nilikuwa upande wa shangazi. Leo najua muuguzi alikuwa sahihi, na najua kuwa kosa tulilolifanya baadaye nyumbani lilizaliwa na huruma ile ile. Upasuaji wenyewe huchukua saa moja na nusu au mbili hivi. Goti hutengenezwa katika wiki 12 zinazofuata, na mafundi wake ni mgonjwa na watu wa nyumba yake. Kwetu mzee akiugua tunamlaza, tunampelekea chakula kitandani, tunamkataza hata kuokota kikombe. Baada ya upasuaji huu, mapenzi ya namna hiyo yanamlemaza.

Kilichofanywa ndani ya mguu

Gegedu, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane, ukichakaa, kila hatua ni maumivu. Daktari wa mifupa huondoa ncha zilizoharibika, kisha huweka chuma juu na chini, na katikati plastiki ngumu. Kwenye nyonga hubadilishwa kichwa cha mfupa wa paja pamoja na kikombe kinachokipokea. Si jambo la majaribio: nyonga ya bandia ya kisasa ilianza na daktari John Charnley huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na magoti mengi ya bandia hudumu zaidi ya miaka 20.

Kwa wagonjwa wengi kiungo kipya kina nguvu ya kubeba uzito tangu siku ya kwanza, isipokuwa daktari aseme vingine. Kilicho dhaifu ni misuli ya paja, ambayo huenda imelala kwa miaka mingi ya kuchechemea. Misuli haiamki mtu akiwa amelala.

Kabla hajaingia wodini

Kama upasuaji umepangwa, tumieni wiki zilizobaki. Jino bovu ling'olewe au litibiwe sasa. Kidonda chochote mguuni, ukucha ulioota vibaya, funza, maumivu wakati wa kukojoa: vyote viponywe kwanza, kwa sababu vijidudu husafiri kwenye damu na hupenda kujificha kwenye chuma kipya. Sukari na presha zitulizwe. Mwambieni daktari kila dawa anayotumia mzee, pamoja na mitishamba ya chupa iliyo chini ya kitanda. Baadhi ya mitishamba huzidisha kuvuja damu, na daktari hatakasirika akiambiwa; hatari ni asipoambiwa. Kuhusu fedha, tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa ya Kenya, NHIF, ilipoiachia SHA nafasi, ulizeni hospitalini kwa maandishi bima italipa kiasi gani na kama kiungo chenyewe kimo ndani ya hesabu hiyo.

Wazee wengine hubadilishwa nyonga kwa dharura baada ya kuanguka, hivyo hakuna muda wa kujiandaa. Basi mmoja wenu abaki wodini na mwingine aende nyumbani kutengeneza haya yafuatayo kabla mgonjwa hajaruhusiwa.

Choo ndicho cha kwanza. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakitumiki kabisa miezi ya mwanzo, iwe ni goti au nyonga. Mwiteni fundi seremala atengeneze kiti kizito cha mbao chenye tundu, cha kuwekwa juu ya shimo, kimo chake kikiwa sentimita 45 hadi 50, kiwe na mikono pande zote mbili ya kushikia anapoketi na anapoinuka. Nimeona watu wakikata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, miguu ya plastiki hupanuka na kuteleza, sikishauri. Usiku, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapogeuza njia ya chooni kuwa tope, mzee asitoke nje. Kiti kingine cha aina hiyo kiwekwe kando ya kitanda na ndoo yenye kifuniko chini yake.

Kiti cha kukalia kiwe kigumu, chenye mikono, na kirefu kiasi kwamba akiketi nyonga zinakuwa juu kidogo ya magoti. Sofa la kuzama halifai, na kigoda cha jikoni ndicho kibaya zaidi. Kitanda kikiwa kifupi, kiinueni kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa shimo la kupokea mguu wa kitanda, visiteleze. Halafu pitieni sakafu yote: mkeka, zulia, waya wa televisheni, meza ndogo katikati ya sebule, vyote viondoke. Kuku na watoto wasipite kati ya miguu yake. Wekeni taa ya sola au tochi karibu na mto, stima hupotea. Viatu viwe vya kufunika kisigino. Patipati zimewaangusha wazee wengi.

Wodini

Mazoezi huanza kabla ya kusimama. Akizinduka, apinde kifundo cha mguu juu na chini mara 10 kila saa. Hilo husukuma damu isigande. Avute pumzi ndefu mara 10 kila saa, mapafu yasijae makohozi. Kisha asimame siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku 2 hadi 5, wakishaweza kutoka kitandani, kufika chooni na kurudi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyetuambia mapema. Usiku wa pili Mama alianza kuzungumza na dada yake aliyefariki zamani, akaniuliza mimi ni nani. Tuliogopa sana. Huku kwetu watu huanza mara moja kunong'ona habari za kulogwa. Kuchanganyikiwa kwa siku chache baada ya upasuaji ni jambo la kawaida kwa wazee, na lina sababu za mwili: dawa kali za maumivu, kukosa maji, kukosa usingizi, kufunga choo, au maambukizi. Mwambieni muuguzi papo hapo, atafute sababu. Nanyi mvalisheni miwani yake, mpeni maji, mfungulieni dirisha ajue ni mchana, na mtu anayemfahamu aketi karibu akimtaja kwa jina alilolizoea, awe ni shosho, dani au kukhu. Mama alirudi kwenye akili zake siku ya nne.

Safari ya kurudi

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50, hadi Nakuru ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Boda boda ni marufuku. Tuktuk na matatu zina viti vifupi na nafasi finyu. Tafuteni gari dogo, kiti cha mbele kisukumwe nyuma kabisa na kuegemezwa, mto mgumu uwekwe chini. Mgonjwa asimame na mgongo kwa kiti, aketi kwanza, ndipo ainue miguu yote miwili pamoja na kugeuka. Kila baada ya saa moja simameni, ashuke, atembee kidogo. Dawa ya maumivu aimeze kabla ya kuondoka.

Wiki mbili za kwanza

Maumivu yadhibitiwe, kwa sababu mtu mwenye maumivu makali hafanyi mazoezi. Dawa zimezwe kwa saa zilizoandikwa, na moja yao ipangwe nusu saa kabla ya mazoezi. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mzee mwembamba au mwenye ini bovu daktari hupunguza. Angalieni pia vidonge vya mafua na vya kichwa vinavyouzwa dukani, vingi vina paracetamol ndani. Diclofenac na ibuprofen msimpe kwa kujiamulia: kwa mzee mwenye presha, figo dhaifu au vidonda vya tumbo, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, zinaweza kuleta madhara makubwa. Dawa kali kama tramadol hufunga choo, kwa hiyo maji ya kutosha, papai, uji wa wimbi na mboga visikose.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe sindano ya tumboni au vidonge, isikatizwe kabla ya siku alizoandika daktari. Kwa goti mara nyingi ni kama wiki mbili, kwa nyonga huweza kufika siku 35. Nimesikia watu wakiacha kwa sababu "mgonjwa anatembea vizuri sasa". Damu haijui hilo. Sindano zilizotumika zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki na kurudishwa hospitalini.

Mshono ukae mkavu na uachwe. Usipakwe majani, asali, samli wala spiriti. Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mzee aoge kwa kitambaa hadi aruhusiwe kumwagiwa maji. Chakula kiwe na cha kujenga mwili kila mlo: omena, mayai, maharagwe, samaki, maziwa mala. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kusaidia hapa, kwani tangu 2023 wengi wao hubeba mkoba wenye mashine ya kupima presha na sukari.

Uvimbe utakuwapo, na mguu unaweza kuwa na rangi ya zambarau hadi kifundoni. Wekeni kitu baridi dakika 15 hadi 20, mara nne kwa siku, kikiwa kimefungwa kwenye nailoni na tena kwenye kitambaa kikavu. Kama hamna friji, zile barafu za pakiti ambazo watoto hununua dukani zinafaa sana. Halafu mguu wote uinuliwe, kisigino kiwe juu ya kiwango cha moyo.

Mto tulioweka mahali pasipofaa

Hapa ndipo tulipokosea. Mama alilalamika kuwa goti linauma likinyooka, na likikunjwa kidogo linatulia. Nikachukua mto laini nikauweka chini ya goti. Alilala vizuri. Usiku uliofuata tena, na tena, wiki tatu. Tuliporudi kliniki, goti halikunyooka. Mtaalamu wa fiziotherapia aliutazama mguu, akauliza swali moja tu: "Nani anaweka mto?"

Goti lisiponyooka kabisa, mtu hutembea akichechemea hata kama chuma kimewekwa kwa ustadi mkubwa, na kovu la ndani hukaza kila wiki inayopita. Ilituchukua miezi miwili ya machozi kurudisha nilichokiharibu kwa mto mmoja. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia hewani, na mzee avumilie dakika 10 mara kadhaa kwa siku. Kamwe usiwekwe chini ya goti.

Mazoezi mengine ya goti, mara tatu kwa siku, kila moja mara 10:

1. Akiwa amelala, akaze misuli ya paja akisukuma nyuma ya goti dhidi ya godoro, ahesabu hadi tano, aachie.
2. Aburute kisigino kuelekea makalio polepole, asimame pale panapokaza, asogeze kidogo zaidi, arudi.
3. Ainue mguu uliopasuliwa ukiwa umenyooka, kimo cha shubiri moja, aushushe taratibu.
4. Akiwa kitini, apeleke mguu uliopasuliwa nyuma chini ya kiti, akitumia mguu ule mwingine, ulio mzima, kuusukuma.

Lengo ni goti linyooke kabisa na likunjike nyuzi 90 ndani ya wiki chache za kwanza, pembe kama ile ya mtu aliyeketi vizuri kitini, kisha liendelee hadi nyuzi 110 au zaidi. Maumivu ya kukaza wakati wa zoezi ni halali. Maumivu yanayobaki makali saa mbili baadaye, pamoja na uvimbe mpya, yanasema mmezidisha. Kesho punguzeni, msiache. Kama nauli ya kwenda kliniki mara mbili kwa wiki ni mzigo, mwombeni mtaalamu ruhusa ya kumrekodi kwa simu akionyesha mazoezi, halafu mzee atazame na kufuata.

Nyonga ina masharti yake

Mgonjwa wa nyonga mara nyingi hupata nafuu haraka kuliko wa goti, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kiungo kinaweza kuchomoka. Ulizeni daktari amepasua upande gani na masharti ni yapi. Kama amepitia nyuma, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 12 mzee asiinamishe kiwiliwili wala kuinua goti kupita nyuzi 90, asikunje nne wala kupishanisha miguu, na asigeuze kidole gumba cha mguu kuelekea ndani. Kwa maisha yetu hiyo ina maana asiokote kijiko kilichoanguka, asijivalishe soksi, asiketi kwenye kigoda kupuliza moto, asing'oe magugu mbele ya nyumba hata lile moja linalomkera. Alale chali, au kwa ubavu akiwa na mto mnene kati ya mapaja. Mpeni fimbo yenye ndoano ya kuvutia nguo.

Hatua, ngazi na bakora

Kwenye fremu: fremu mbele, mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Wengi huhamia magongo au bakora kati ya wiki ya tatu na ya sita. Bakora hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima. Karibu kila mzee huishika upande wa mguu mgonjwa, nanyi msaidieni kuzoea. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza. Wakati wa kushuka, bakora na mguu uliopasuliwa hutangulia. Wale wa milima ya Maragoli au Kisii wafanye vivyo hivyo kwenye njia yenye mteremko, na siku ya tope wasitoke.

Wageni, matanga na wiki ya tatu

Watu watakuja kusema pole, na ni baraka. Lakini wanawe mikono, wenye kikohozi wangoje, na wasiketi kitandani. Muda wa mazoezi ukifika, mzee afanye mbele yao. Mama alianza kufurahia hilo, majirani walimhesabia.

Wiki ya tatu hivi, wageni wamepungua, usingizi ni wa vipande, na maumivu bado yapo. Wazee wengi hulia wakati huu na kusema bora wasingekubali kupasuliwa. Hali hiyo huja na hupita kwa walio wengi. Ikiendelea, akikataa kula, aonwe na daktari. Na msiba ukitokea, msimruhusu asafiri saa nne kwenye matatu kwa sababu ni mkubwa wa ukoo. Tulimnyima Mama kwenda kumzika binamu yake huko Busia wiki ya nne, tukatuma rambirambi na kumpigia simu ya video makaburini. Alinuna siku mbili. Nisingefanya tofauti.

Msiyoyasubirisha hadi asubuhi

Pumzi kukatika ghafla au maumivu ya kifua: hospitali kubwa iliyo karibu, mara moja, kwa gari lolote. Shavu la mguu kuvimba, kuuma na kuwa gumu: siku hiyo hiyo, na msilikande. Mshono kutoa usaha au maji baada ya wiki ya kwanza, wekundu unaosambaa, homa na kutetemeka: rudini kwa daktari aliyepasua. Msinunue antibiotiki kemisti, kwani huficha dalili na kumzuia daktari kujua ni kijidudu gani. Mguu wa nyonga ukifupika au kugeuka ghafla baada ya mlio, mlazeni alipo, asisimamishwe. Mtu akianguka, hata akisema yuko sawa, apigwe picha.

Kwa upande mwingine, goti kuwa na joto kwa miezi kadhaa, kutoa mlio mdogo wa kugonga, na ngozi ya pembeni mwa kovu kufa ganzi ni mambo ya kawaida.

Kutoka wiki ya sita hadi mwaka

Kati ya wiki ya 6 na ya 12 mzee huanza kupika akiwa kwenye kiti kirefu, kwenda kanisani au msikitini, na kutembea hadi sokoni na kurudi kwa vituo. Kupiga magoti si lazima kuharibu kiungo, ila wengi huona uchungu. Aketi kitini kwa sala na kwa swala, na aulize daktari kabla ya kujaribu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na haufai kichwani mwake tena. Jembe lisubiri walau miezi mitatu hadi sita, liwe la mpini mrefu, mistari michache kwa siku. Nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima, basi mazoezi yasikome siku bakora inapotupwa.

Daktari atataka kumwona na kupiga picha ya mionzi, mara nyingi wiki ya 6 na tena baada ya mwaka. Kabla ya kutoka hospitalini ombeni karatasi yenye stika ya kiungo alichowekewa, aina na namba yake. Ipigeni picha kwa simu, kisha muiweke pamoja na kitambulisho chake, kwa sababu daktari yeyote atakayeligusa goti hilo miaka ijayo ataiulizia.